Jibu kwa Zamoyoni Aliyerudisha Vipande Viwili

Umeviweka juu ya fuawe langu bila salamu,
vimefungwa kwa gazeti la juzi lenye mafuta ya supu:
kipande cha mpini, kipande cha ncha.
Ukasema, "Fundi, kisu chako kimekufia kwenye kwato,"
ukarudi Buguruni kabla sijafuta jasho.

Nimeshinda navyo.
Gerezani inagonga, inachomelea, inapaka majiko rangi,
mimi nageuzageuza kidonda kwenye mwanga.
Chuma kilipovunjika hakidanganyi.
Ndani mna punje kubwa, zinameta
kama sukari iliyomwagika kwenye mizani ya duka.
Zingekuwa za kijivu, laini kama unga wa muhogo,
ningekulaumu wewe na makongoro yako.

Basi nikiri.
Kile nilikifua kwa tupa,
tupa kuukuu ya seremala wa Keko,
kaboni tele, chuma kinachokula chuma chenzake.
Nilijisemea: kitanyoa. Na kilinyoa,
ulikijaribu mwenyewe kwenye mkono, ukacheka.
Lakini siku ile umeme ulirudi ghafla, feni ikavuma,
nami nilikuwa nje nabishana na mtu wa kodi ya banda.
Kisu kikapita wekundu, kikapita rangi ya chungwa,
kikafika manjano ya kiini cha yai,
punje zinanenepa ndani yake kimyakimya.
Kisha nikakizima kwa maji. Maji!
Pakalia *tik*, kama ukucha unaokatwa.
Nilisikia, Zamoyoni.
Nikajifanya sikusikia.

Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama.
Methali haikusema neno juu ya mfupa.

Kuna ugumu na kuna ushupavu,
na hivyo viwili havilali kitanda kimoja kwa raha.
Kioo ni kigumu; muulize aliyekiangusha.
Kamba ya katani haikwaruzi hata ndizi
lakini imevuta magari mangapi Jangwani mvua zikinyesha?
Kisu cha Feri, chembamba, cha kubembeleza minofu,
acha kiwe kigumu, hakuna anayekipigisha.
Chako kinapigishwa tangu saa kumi alfajiri.

Kwa hiyo jana nimenunua jani la springi
la lori lililochoka kubeba saruji.
Hiki kimezoea: shimo linakikunja, kinarudi.
Nimekipasha mara tatu, mara tatu kikapoa hewani chenyewe,
kisahau nyundo.
Mara ya nne nimekaa na sumaku kwenye uzi.
Ilipokataa kukishika nikangoja kidogo tu,
nikakizamisha kwenye oili chafu, ya vuguvugu.
Nikatega sikio
mpaka kijana wangu Mshindo akaniuliza kama naumwa.

Hakikulia.

Lakini kilichotoka hapo bado ni mtoto mwenye hasira.
Nikakipeleka kwa Bi Sikudhani, kwenye tanuri la mikate,
kikalala saa mbili ubavuni mwa boflo,
kikatoka, kikarudi tena saa mbili.
Nilikuwa nimekisugua kikawa cheupe, nione rangi ikija:
nyasi kavu kwanza, kisha ganda la korosho. Hapo basi.
Makali nikayatia kwenye karai la maji,
mgongo nikaupitishia moto wa gesi
mpaka ukawa zambarau kama bilinganya.
Boflo moja liliungua. Nimelilipa.

Sikufichi: hiki hakitanyoa mkono wa mtu hadi Ijumaa.
Kitakuwa butu mapema kuliko yule marehemu,
utakinoa kila jioni, utanitukana.
Ila nimekibana kwenye jiliwa, nikakiegemea kwa uzito wangu wote,
kikapinda kama mtu anayeamkia;
nilipoachia, kikasimama.

Hela sitaki. Bakuli moja, ndimu mbili.
Kesho Mshindo atakuletea.
Lakini ukwato wa kwanza, nakuomba,
usiupige kabla sijafika.